Dawa ya "Kuunganisha Mishipa ya Fahamu": Mlaji, Uliza Kabla ya Kulipa

Mtu akianguka kutoka mtini au akipata ajali ya pikipiki akaumia mgongo, jamaa zake huwa tayari kutoa chochote ili asimame tena. Katika vijiji kama Izimbya, ambako kufika Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni safari ndefu, maneno ya mwuza dawa aliyebisha hodi huwa na nguvu. Kabla hujauza kibanja, tunakuomba uyaelewe mambo haya.

Kwa nini jeraha hili ni gumu?
Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe mgongo, fungu la mishipa ya fahamu lipelekalo amri za ubongo viungoni na kurudisha hisia. Mfupa uliovunjika huunga. Mishipa ya fahamu ya mkono au mguu nayo yaweza kuota upya, yapata milimita 1 kwa siku. Ile ya ugwe mgongo hukwama: penye jeraha hujengeka kovu, na mazingira ya hapo huizuia kukua.

Utafiti umefika wapi?
Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal, Kanada, walionyesha kwa panya kwamba mishipa hiyo yaweza kukua ikipandikiziwa kipande cha mshipa wa fahamu wa mguu. Mwaka 2018, wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walieleza jinsi watu 3 waliopooza walivyopiga hatua tena kwa msaada wa kifaa cha umeme na mazoezi mengi. Kifaa hicho hakikuunganisha kilichokatika, kiliamsha kilichosalia. Hadi sasa hakuna kidonge, mafuta, mzizi wala sindano iliyothibitishwa kuotesha upya ugwe mgongo.

Mbona fulani alitumia akapata nafuu?
Ugwe ukiumia bila kukatika wote, uvimbe hupungua na nguvu zaweza kurejea kiasi katika miezi ya kwanza, hata bila dawa hiyo. Sifa humwendea mwuzaji.

Uliza haya:
1. Je, dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)? Ikiwa ni tiba asili, je, mganga amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala?
2. Je, utapewa stakabadhi yenye jina la dawa na la mwuzaji?
3. Akisema ni utafiti, kiko wapi kibali? Mshiriki hupewa maelezo kwa maandishi na huridhia kwa hiari.

Fedha yako ifanye nini?
Igharimie yanayookoa maisha: godoro linalofaa, mipira safi ya mkojo, mazoezi ya viungo na kiti cha magurudumu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, kwa maana vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo huweza kuua.

Ukiwa umekwisha kuuziwa, hifadhi kifungashio na stakabadhi, kisha utoe taarifa TMDA au Tume ya Ushindani. Taarifa yako yaweza kukinga kibanja cha jirani.