Setilaiti Hujaribiwaje Kabla ya Kurushwa

Wanachama kadha wametuuliza kama ramani za setilaiti zaweza kutuonyesha mikarafuu iliyoanza kunyauka. Kabla ya kujibu, bora tueleze jinsi wataalamu wanavyopima macho ya chombo ambacho bado hakijaruka.

Jicho la binadamu haliuoni mwanga wote. Chombo tunachokisema hapa huugawa mwanga, pamoja na ule tusiouona, katika mikanda myembamba zaidi ya 200, na kwa hiyo chaweza kutofautisha jani bichi na jani lenye kiu, udongo na bati. Wajerumani wanayo setilaiti ya namna hiyo, iitwayo EnMAP, iliyorushwa kutoka Marekani tarehe 1 Aprili, 2022. Yapita juu kiasi cha kilomita 650, na kila kipande cha picha yake ni mraba wa mita 30 kwa 30.

Lakini hawakungoja irushwe ndipo wajue yafaa nini. Mwaka 2009 ndege ilipita juu ya Berlin na kamera iitwayo HyMap, ikapiga picha za vipande vya mita 3.6 na vya mita 9. Kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa picha ya mfano, kama vile EnMAP ingaliuona mji ule.

Hufanywaje? Tutwae pishi ya karafuu. Tukichanganya wenyewe karafuu nzuri, mpeta na makonyo kwa vipimo tunavyovijua, kisha tukamwita mkaguzi akadirie kwa macho, tutajua amekosea kiasi gani. Ndivyo ilivyo hapa. Vipande vidogo vya ndege huchanganywa kuwa kimoja kikubwa, na kwa kuwa vile vidogo vyaonyesha paa liko wapi na mti uko wapi, kosa la kile kikubwa lahesabika. Wala si wastani mtupu, maana lenzi ya setilaiti huchota pia mwanga kidogo wa kipande jirani. Kisha hutiwa athari ya hewa, mvuke na vumbi, pamoja na kasoro za chombo chenyewe. Udhaifu upo: mikanda ya HyMap ni mipana kuliko ya EnMAP, hivyo pengine hesabu hujaza ambacho ndege haikukiona.

Turudi shambani. Mikarafuu ikipandwa mita 8 kwa 8, mraba mmoja wa setilaiti hiyo una miti kama 14, mbali na migomba na magugu. Mmoja ukinyauka, rangi yake humezwa na wenzake. Shamba zima likibadilika, hilo laweza kuonekana. Basi atakayetuletea ramani ya vipande kama hivyo, akidai imeonyesha mti mmoja mmoja, tumwulize kwanza aliijaribu wapi, kwa picha ya ndege ipi, na alikosea mara ngapi, fedha baadaye. Na mwanachama ambaye mti wake umeanza kukauka kileleni asingoje picha yoyote, atuletee habari ofisini.