Ndugu Waliopotezana

Mji wa Uvira uko kando ya ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini. Mbele yake ni maji, nyuma yake imesimama milima mirefu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1996 vita viliingia Uvira. Watu wakakimbia ovyo. Wengine walipanda milimani. Wengine walivuka ziwa mpaka Kigoma, katika nchi ya Tanzania. Mama alimshika mtoto huyu, na yule akabaki nyuma na mama mdogo. Hivyo ndugu wa tumbo moja walipotezana.

Wakimbizi wengi walikaa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Watoto walizaliwa huko. Wazazi waliwaambia, “Kwetu ni Uvira, na huko mnao ndugu.” Lakini watoto hawakuzijua nyuso zao.

Ndugu hao hutafutwaje? Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichoanzishwa Geneva mwaka 1863, hufanya kazi hiyo. Mwenye kutafuta hupewa karatasi. Huandika jina lake, la baba na la mama, na kijiji alichotoka. Kisha huandika habari za jamaa tu: nani yu hai, nani amekufa, nani amezaliwa. Habari za vita haziandikwi. Barua hiyo haifungwi, maana husomwa kwanza, ndipo ipelekwe.

Mtoto mdogo asiyejua kuandika huulizwa polepole: Mama alikuitaje? Mto gani ulipita karibu na nyumba yenu? Nani alizaliwa kabla yako? Jamaa nao huulizwa. Majibu yakipatana, mtoto hurudishwa. Yasipopatana, hatolewi, asije akachukuliwa na mwongo.

Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi waliotaka, kutoka Kigoma mpaka Baraka, kusini ya Uvira. Ndipo watoto waliozaliwa ng’ambo walipokanyaga nchi ya baba zao mara ya kwanza.

Kukutana huleta machozi ya furaha, lakini huleta na kazi. Aliyebaki huweza kujiuliza moyoni, “Mbona mimi niliachwa?” Tena amelima shamba la baba peke yake miaka mingi, na sasa yampasa kuligawa. Naye aliyerudi ni mgeni kwao; hata lugha ya baba hajui vizuri. Yosefu aliuzwa na ndugu zake, lakini walipokutana Misri hakulipa kisasi. Alilia, akawakumbatia, akawapa chakula. Ndugu wa kweli husemezana yaliyopita, kisha hushika jembe pamoja.

Basi kila mtoto ayajue vema majina ya wazazi wake, ya ndugu zake na ya kijiji chao. Siku ya taabu mzigo wa nguo huweza kupotea njiani, lakini jina lililo moyoni halipotei. Milima haikutani, lakini watu hukutana.

MASWALI
1. Kwa nini barua ya Msalaba Mwekundu haifungwi?
2. Kwa nini mtoto na jamaa huulizwa wote wawili?
3. Aliyebaki na aliyerudi, kila mmoja ana taabu gani?
4. Taja majina ya babu zako na vijiji walivyotoka. Usiyoyajua, waulize wazazi.