Kisukari na Mguu Usiosikia

Mwendesha bodaboda kati ya Ndhiwa na Rodi Kopany hufunga breki ya nyuma kwa mguu wa kulia. Akiwa na kisukari cha miaka mingi, huenda mguu huo ukachelewa kumtii.

Neva ni kama nyaya za simu. Hupeleka habari kutoka kwenye ngozi hadi ubongoni, kisha hurudisha amri kwenye misuli. Neva nzima ya mguu husafirisha habari kwa kasi ya takriban mita 50 kwa sekunde. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Habari huenda polepole, na mwishowe hukatika. Neva ndefu huumia kwanza, ndiyo maana dalili huanzia vidole vya miguu: ganzi, kuchomwachomwa kama kwa sindano, au kuwaka moto usiku.

Mguu wenye ganzi hautambui vizuri ulipo, wala umekanyaga kwa nguvu gani. Pikipiki ya kasi ya kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Chelewa nusu sekunde, nawe umeongeza mita 8 kabla ya breki kushika. Mkulima wa miwa naye hukanyaga mwiba asijue, hata kidonda kioze.

Sukari ikishuka mno, ubongo wenyewe hupungukiwa na chakula na kuwa mzito. Anayetumia insulini apime kabla ya safari. Kipimo kikiwa chini ya 4, asiendeshe. Anywe soda yenye sukari, ale, na kipimo kikirudi sawa asubiri dakika 45.

Si kila ganzi ni kisukari. Virusi vya ukimwi, pombe na upungufu wa vitamini B12 pia huleta ganzi. Kwa hiyo usibahatishe, nenda ukapimwe.

Neva iliyokufa ni vigumu kuifufua, lakini iliyo hai hulindwa. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa wagonjwa wa insulini waliodhibiti sukari barabara walipunguza madhara ya neva kwa takriban asilimia 60.

Basi, ndugu msomaji, kila jioni kagua nyayo zako, vaa viatu shambani, na umwombe daktari akupime miguu angalau mara moja kwa mwaka. Usingoje maumivu yakuonye, kwa maana mguu uliokufa ganzi haulii.