PAKA MWENYE MIMBA: TUMWANDALIE PAHALI PA KUZALIA

Najua wako watakaocheka wakisoma kichwa cha makala haya. "Ati paka aandaliwe kitanda? Kwani anaenda wodi ya akina mama?" Chekeni tu, lakini mnisikilize. Huku kwetu Meru na Embu, boma lenye ghala la mahindi na maharagwe halikai bila paka. Wahenga walinena kwamba paka akiondoka panya hutawala, na mwenye kula githeri anaelewa maana yake. Hata hivyo, mlinzi huyo akikaribia kuzaa, wengi wetu humwacha ajitafutie. (Mwalimu wetu husisitiza: mama hujifungua, nalo ni neno la heshima kwa binadamu, mnyama huzaa.)

Mwaka juzi, wakati wa mvua ya Novemba, paka wa jirani yetu alizaa chini ya ghala. Usiku siafu wakapita. Kulipokucha alikuwa amebaki mtoto mmoja tu, yule ambaye mama yake aliwahi kumbeba kwa mdomo hadi darini. Watu walisema paka yule hana akili. Mimi siamini hivyo. Paka anayetaka kuzaa hutafuta mambo manne: giza, joto, ukavu na utulivu. Chini ya ghala aliyapata yote manne, na nyumbani hakuna aliyempa pahali pengine. Kazi yetu, basi, ni kumpa mambo hayo manne mahali pasipo na hatari.

Kwanza, tuhesabu siku. Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 67 hivi, yaani wiki tisa na ushei. Karibu wiki ya tatu, chuchu zake huvimba na kuwa na rangi ya waridi. Kufikia wiki ya saba tumbo huwa kubwa, na hapo ndipo pahali pake panapaswa kuwa tayari ili apazoee mapema. Usimbonyeze tumbo kuhesabu watoto. Kipindi hiki mwongezee chakula chenye nguvu: omena, mabaki ya nyama, yai lililopikwa. Ugali na mchuzi pekee havitoshi. Maji safi yawepo kila wakati, maana maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi.

Pili, tutengeneze kitanda. Hakihitaji pesa. Omba katoni kubwa dukani, paka aweze kujinyosha ndani yake: urefu wa sentimita 60 na upana wa 40 watosha. Kata mlango upande mmoja, lakini uache kizingiti cha sentimita 12 hivi ili watoto wasibiringike nje. Funika sehemu ya juu ili ndani kuwe na giza. Tandika magazeti makuukuu mengi, kisha juu yake shuka au leso iliyochakaa lakini iliyofuliwa. Gunia lenye nyuzi zinazofumuka halifai, kwa sababu kucha na miguu ya watoto hunaswa humo.

Tatu, tuchague pahali. Paka wengi wa kwetu hupenda kulala kwenye jivu la mafiga, hasa usiku. Hapo pana joto, kweli, lakini mama akiamka alfajiri kuwasha moto gizani, si kutatokea msiba? Weka katoni kwenye kona ya jikoni au stoo, mbali na moto, moshi na miguu ya watu. Paka dume asiweze kuingia, wala mbwa.

Sisi tunaokaa karibu na msitu wa Mlima Kenya, kama vile Manyatta kule Embu au sehemu za juu za Imenti, tunaijua baridi ya Julai. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, macho yamefumba, na hawezi kujipasha joto mwenyewe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa, ikiwekwa upande mmoja wa katoni, itamsaidia. Upande wa pili uachwe bila chupa, wapate pa kusogea wakiona joto limezidi. Tafadhali usiwaingizie jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu huua paka na watu pia. Wenzetu wa Mbeere na Tharaka wana shida tofauti: mabati ya mchana huchoma, kwa hivyo katoni ikae chini penye hewa na pasipo na mashimo ya nyoka.

Siafu nao? Nyanya yangu humwaga jivu kavu nje, kuzunguka ukuta, na kulirudia mvua ikilinyeshea. Usimwage mafuta ya taa karibu na katoni, kwa maana paka hujilamba na kuyameza. Vilevile, dawa ya kupe ya ng'ombe usimpake paka kuua viroboto. Inaweza kumuua yeye na watoto wake.

Nne, siku yenyewe. Paka huacha kula, huzungukazunguka, hukwaruza matandiko na kulia. Akikataa katoni yako na kuchagua kikapu cha nguo, usimlazimishe. Hamisha matandiko umfuate. Kisha kaa mbali. Yeye mwenyewe atapasua utando, atamlamba mtoto, atakata kitovu na kula kondo la nyuma. Usivute chochote. Lakini akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, au akitokwa na damu nyingi, mtafute daktari wa mifugo upesi.

Baada ya hapo, kazi ngumu zaidi ni kutulia. Wadogo zetu hutaka kuwashikashika watoto na kuwaonyesha marafiki. Mama akisumbuliwa huwahamisha, na huko anakowapeleka ndiko kwenye siafu. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wasitenganishwe na mama yao kabla ya wiki nane.

Mwisho, tafuta mapema jirani watakaowachukua, kwa sababu watoto wasio na mwenyewe ndio hutiwa guniani na kutupwa mtoni. Kumbuka kwamba paka anaweza kupata mimba nyingine hata akiwa bado ananyonyesha. Umwulize daktari wa mifugo kuhusu kumfunga uzazi, na kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia.

ZOEZI
1. Taja mambo manne ambayo paka hutafuta anapotaka kuzaa.
2. Kwa nini jivu la mafiga si pahali salama?
3. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya matumizi kati ya "kuzaa" na "kujifungua".