SOMO LA AFYA: MTOTO MWENYE USONJI NA ZAMU ZETU



Wengi wetu tunamjua mtoto wa namna hii, mitaani Nakawa na Kawempe au katika kambi za mashamba. Amefika miaka minne, hasemi. Ukimwita hageuki, ingawa anasikia. Huzungusha kifuniko kimoja mchana kutwa. Majirani husema ni laana, au mama ndiye mwenye kosa. Sivyo. Hali hii huitwa usonji. Ubongo wa mtoto hukua kwa namna tofauti. Hauambukizi, wala hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini mtoto hufundishika.

Zamani mafunzo yalikuwa ya wenye fedha. Mwaka 1987, Ivar Lovaas wa Los Angeles, Marekani, alitangaza njia yake: mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja, saa 40 kwa wiki. Mfanyakazi gani angeweza kumlipa mwalimu huyo?

Siku hizi iko njia nyingine. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mwendeshaji si lazima awe daktari. Kenya na Ethiopia wameyajaribu. Mzazi ndiye mwalimu, na shughuli za kila siku ndizo darasa:

1. Keti chini, uso kwa uso. Ingia katika mchezo wake. Akizungusha kifuniko, nawe zungusha.
2. Tumia maneno machache. Sema "maji", kisha ngoja. Akinyosha mkono au akitoa sauti, mpe upesi: amezungumza.
3. Gawa kazi, kama kunawa mikono, katika hatua ndogo. Fundisha moja moja, na msifu.
4. Akilia sana, tafuta sababu: njaa, kelele, mabadiliko ya ghafla. Usimpige wala usimfunge kamba.

Kutambua mapema kunasaidia. Hapa Uganda, Dk. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walipima watoto 1,169 kwa maswali 23 wanayoulizwa wazazi, wakatoa matokeo mwaka 2014. Mwenye wasiwasi asingoje. Aende kituo cha afya, aombe kuandikiwa kwenda Mulago.

Lakini, ndugu, mwalimu huyu atafundisha saa ngapi? Anayetoka zamu ya saa kumi na mbili humkuta mtoto amelala. Na zamu zikibadilishwa ovyo, mtoto huvurugika, kwani yeye hutegemea utaratibu. Ndiyo maana jambo hili ni la chama, si la mama peke yake. Tudai katika mkataba wa pamoja ruhusa yenye malipo kwa mikutano hiyo, na zamu isiyobadilika kwa mzazi huyo.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Je, ni wenzetu wangapi wanaficha mtoto kwa aibu?
2. Mwajiri akikataa ruhusa, tawi litafanya nini?