Macho Yakibadilika Rangi: Lipi ni la Kawaida, Lipi ni la Hatari?

Rangi ya jicho hutokana na melanini, ileile inayoipa ngozi rangi. Ikiwa nyingi, jicho huwa jeusi au la kahawia. Je, ukiona rangi imebadilika ufanye nini?

MABADILIKO YA KAWAIDA

Baadhi ya watoto huzaliwa na macho ya kijivu ambayo hukolea katika miezi ya mwanzo. Wazee wengi hupata duara la kijivu au la buluu kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho. Haliumi wala halizuii kuona. Kwa wenye ngozi nyeusi, madoa ya kahawia ya tangu zamani kwenye weupe wa jicho si ugonjwa.

NENDA KITUO CHA AFYA UKIONA HAYA

1. Mboni nyeupe kwa mtu mzima. Mara nyingi ni mtoto wa jicho, yaani lenzi imeingia ukungu. Hakuna matone wala mitishamba inayouondoa. Tiba ni upasuaji: lenzi mbovu hutolewa, ikawekwa ya bandia.

2. Mboni nyeupe kwa mtoto. Huweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, ambayo huwapata hasa walio chini ya miaka 5. Mpeleke siku hiyohiyo hata kama halii. Ikigunduliwa mapema hutibika, ikicheleweshwa huua.

3. Weupe kugeuka manjano. Huenda ni ugonjwa wa ini, malaria kali au selimundu. Mtoto mchanga akigeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza, usimwanike juani ukisubiri. Mkimbize kituoni.

4. Madoa ya kijivu kama povu, na mtoto hupapasa njia jioni. Amepungukiwa vitamini A, anaweza kupofuka. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wapewe matone ya vitamini A kila miezi 6. Nyumbani mpe majani ya maboga, matembele, papai, embe na mawese.

5. Jicho jekundu, lenye maumivu makali na ukungu. Usilale nalo.

USITIE JICHONI

Mkojo, maziwa ya mama, maji ya majani au dawa ya jirani huweza kuleta vidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe linaloziba kuona.

KUMBUKA: Mtazame mwanao machoni kila unapomwogesha. Mweleze haya na jirani asiyejua kusoma.