Kelele Upande wa Mikanda: Badilisha Beringi, Acha Altaneta

Corolla 110 ilitoka kiwandani kati ya 1995 na 2000, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote sasa imepita miaka 20. Bado zimejaa barabarani, na kelele moja inazifuata karibu zote: mvumo wenye mkwaruzo unaotoka upande wa mikanda, chini ya boneti upande wa dereva, unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Mwenye gari akifika gereji huambiwa moja kati ya mawili: injini ishushwe, au altaneta nzima ibadilishwe. Mara nyingi hakuna haja ya lolote kati ya hayo. Kinacholia ni beringi mbili ndogo za gololi, na mtu mwenye spana za kawaida, jiriwa la kukodi na siku moja ya mapumziko anaweza kuzibadilisha nyumbani kwake.

Naeleza kwa kutumia 110 yenye injini ya 5A-FE kwa sababu ndiyo iliyoenea, lakini utaratibu ni uleule kwa gari nyingi za umri huo. Kinachobadilika ni saizi za boliti na nafasi ya kuingiza mkono.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Mlio mkali na mwembamba unaosikika gari ikiwashwa asubuhi, au ukiwasha taa na AC kwa pamoja, kisha ukapotea baada ya muda, huo kwa kawaida ni mkanda unaoteleza kwenye puli. Beringi haina tabia hiyo. Beringi iliyokauka grisi inavuma na kukwaruza muda wote, na sauti yake inafuata resi ya injini bila kuchelewa. Kelele ya tak-tak-tak nyepesi kutoka juu, chini ya kifuniko cha valvu, ni suala la nafasi za valvu na halihusiani na mikanda. Na ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini kabisa, unaozidi gari ikipanda mlima, zima injini na usiiendeshe tena. Hiyo ni beringi ya ndani ya injini, na hapo fundi anayesema injini ifunguliwe anasema kweli.

Kuutenga mkanda na beringi kuna jaribio jepesi. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye upande wa mkanda wenye mifereji, ukisimama mbali na feni. Mlio ukipotea kwa sekunde chache kisha ukarudi, puli haziko kwenye mstari mmoja au mkanda umechakaa. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Kelele isipobadilika hata kidogo, elekea kwenye beringi. Kuna wanaopaka mkanda sabuni au mshumaa ili unyamaze. Tafadhali usifanye hivyo. Mkanda unanyamaza siku mbili tatu, kisha uchafu unaganda kwenye mifereji ya puli na hata mkanda mpya utakaoufunga baadaye utateleza.

Jaribio la pili ndilo lenye uamuzi, na nashangaa jinsi linavyorukwa: toa mkanda kabisa, kisha washa injini. Hufanywa injini ikiwa baridi. Legeza boliti ya kufungia altaneta na ile ya chini inayoizungusha, halafu fungua boliti ndefu ya kurekebishia mpaka altaneta isogee kuelekea injini na mkanda utoke. Mkanda wa kompresa ya AC na ule wa pawa stelingi ni ya peke yake, nayo itoe pia. Ukikuta mmoja umezibwa na mwingine, anza na ulio nje. Washa injini kwa nusu dakika tu. Usizidishe, kwa sababu mkanda wa altaneta ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji, na bila pampu injini itachemsha. Taa ya betri kwenye dashibodi itawaka, ni sawa. Kama kelele imepotea, injini yako ni nzima na mwenye kosa ni kimojawapo kati ya vilivyokuwa vimefungwa mkanda. Kama kelele iko palepale, usifungue altaneta. Angalia taimingi, hasa beringi ya kukazia mkanda wa taimingi, na hiyo mpelekee fundi.

Sasa zima injini, zungusha kila puli kwa vidole. Puli ya altaneta nzima inazunguka laini na kwa kimya. Iliyochoka utaisikia vidoleni kabla ya sikio kuisikia: inakwama kidogo, inaachia, inakwama tena, kama kuna chembe za mchanga ndani. Ishike puli pande mbili, itikise mbele na nyuma, isicheze. Fanya vivyo hivyo kwa puli ya pampu ya maji, na ukiwa hapo tazama chini yake kama kuna michirizi iliyokauka ya maji ya rejeta. Pampu ina tundu dogo la kutolea maji pale sili yake ya ndani inapokufa. Ukiona michirizi hiyo au puli ikicheza, badilisha pampu nzima, kwa maana beringi yake haibadilishwi peke yake.

Tuseme ni altaneta. Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa gereji nyingi. Altaneta ya mtumba utakayouziwa imetoka kwenye gari ya umri uleule, ina beringi za umri uleule, na grisi iliyokauka ileile. Unalipia kelele ya miezi ijayo. Kama altaneta yako ilikuwa inachaji vizuri, ifungue, weka beringi mpya, na utakuwa na kitu bora kuliko kilichoko dukani.

Ondoa kwanza waya hasi wa betri. Hili halina mjadala, kwa sababu waya mnene ulio nyuma ya altaneta umeunganishwa moja kwa moja na betri, na spana ikiugusa huku ikigusa bodi ya gari cheche zake zinaweza kuchoma mkono na kuunguza waya. Piga picha kwa simu ya kila waya ulivyokaa. Kisha chomoa plagi, fungua nati ya waya mnene, toa boliti mbili, na itoe altaneta nje.

Nati ya puli ndiyo itakayokutoa jasho. Kwenye altaneta nyingi za Denso ni ya saizi 22 na imekazwa kwelikweli. Zungushia puli mkanda wa zamani, ibane kwenye jiriwa, kisha tumia soketi yenye mpini mrefu. Ikigoma, mpelekee fundi wa matairi mwenye bunduki ya upepo. Ni kazi ya sekunde. Usiingize bisibisi kwenye mapezi ya feni ili kuizuia isizunguke. Mapezi hayo hupinda, na feni iliyopinda ina kelele zake.

Chora mstari wa rangi unaopita sehemu zote mbili za bodi ya altaneta ili uzirudishe zilivyokuwa. Fungua kifuniko cha nyuma, halafu toa kishikio cha kaboni kabla ya kitu kingine chochote. Ukivuta rota wakati kaboni bado zimeegemea pete zake za shaba, zitavunjika. Baada ya kaboni fungua regyuleta, kisha rektifaya, ambayo waya zake kwa kawaida zimefungwa kwa skrubu. Kama kwenye yako zimechomewa kwa risasi, achia hapo na umkabidhi fundi umeme wa magari. Sasa toa boliti na nati zinazoshika bodi, zitenganishe sehemu mbili, na gonga rota taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka itoke kwenye beringi ya mbele. Usigonge nyuzi za shafti kwa chuma. Zikiharibika nati ya puli haitarudi.

Beringi ya mbele imekaa ndani ya bodi ya alumini, imeshikiliwa na bamba lenye skrubu nne. Ya nyuma iko kwenye shafti ya rota na hutoka kwa pula. Usiende dukani na jina la gari peke yake, nenda na beringi zenyewe mkononi. Kila beringi imechorwa namba ubavuni, na namba hiyo inasomeka: 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12; 6303 ina tundu lilelile la 17 lakini kipenyo cha nje ni 47 na unene 14. Ukipewa moja badala ya nyingine, haitaingia au itaelea. Herufi zinazofuata namba nazo zina maana. 2RS ni beringi iliyofunikwa kwa mpira pande zote mbili, ZZ imefunikwa kwa bati. Kwa vumbi la barabara zetu chukua yenye mpira kama saizi inapatikana.

Iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, beringi feki zipo, na nyingine zimefungwa kwenye maboksi ya kupendeza yenye majina ya NSK, Koyo au SKF. Ichunguze kabla ya kulipa. Maandishi kwenye chuma yawe makali na yaliyonyooka, izunguke bila mkwaruzo, na bei iliyo chini mno ikutie shaka. Altaneta inazunguka mara mbili au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Beringi hafifu haitadumu hapo.

Kuingiza beringi mpya ndiko kunakotenganisha kazi itakayodumu miaka na itakayorudi kulia baada ya wiki. Beringi ina pete ya nje, pete ya ndani, na gololi katikati. Nguvu unayotumia lazima ipite kwenye pete inayobana, isipite kwenye gololi. Beringi ya mbele inabana kwenye bodi kwa pete ya nje, kwa hiyo isukume kwa pete ya nje. Soketi kubwa yenye upana unaokaribia wa beringi inafaa sana. Beringi ya nyuma inabana shafti kwa pete ya ndani, kwa hiyo isukume kwa kipande cha bomba kinachokaa juu ya pete ya ndani pekee. Ukikosea, gololi zinachimba vishimo visivyoonekana kwa macho kwenye njia zake, na beringi mpya inaanza kuvuma siku unayowasha gari. Isukume polepole kwa jiriwa badala ya nyundo. Kama ya mbele imebana sana, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uiweke kwenye friza kwa saa moja, na bodi ya alumini iache juani. Alumini hupanuka kuliko chuma, na tofauti hiyo ndogo inasaidia.

Ukiwa umeshaifungua, angalia kaboni. Zikiwa mpya hutokeza kama milimita 10.5 kwenye kishikio chake, zikifika 1.5 zimekwisha, nazo hugharimu kidogo kuliko usumbufu wa kufungua tena. Zisafishe pete za shaba kwa msasa laini sana, pangusa vumbi la kaboni kwa brashi kavu, kisha rudisha kila kitu kwa kufuata mstari wako wa rangi. Zungusha rota kwa mkono kabla hujakaza puli, isiguse popote.

Altaneta ikisharudi kwenye gari, mkanda ukazwe kwa kiasi. Bonyeza katikati ya urefu wake, kati ya puli mbili, kwa nguvu ya kama kilo 10 za dole gumba. Uingie kama sentimita moja. Wengi hukaza mpaka mkanda uwe mgumu kama ubao wakidhani ndiyo usalama. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuta shafti upande mmoja saa zote na kuua beringi ile mpya uliyotoka kuihangaikia, pamoja na ya pampu ya maji. Kama mkanda nao ni mpya, upime tena baada ya siku chache, kwa sababu hulegea ukishazoea puli.

Rudisha waya wa betri, washa injini, na pima kwa multimita kwenye vichwa vya betri. Usikubali mtu yeyote akupimie chaji kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Zoea hilo limeenea, na linaweza kuua regyuleta na hata kompyuta ya gari. Mita itakuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5 kama altaneta inachaji. Washa taa na AC, na volti zisishuke chini ya 13. Zikishuka, kagua kwanza plagi na nati ya waya mnene, kisha kaboni kama zimekaa sawa. Zikikosa kupanda baada ya hapo, usifunge safari ya mbali. Ipeleke kwa fundi umeme na umweleze kwamba beringi ni mpya, asikubadilishie tena.